Msharasi wa Baba: Maisha ya Louis Braille

Masomo: Kutoka 35:30–35 na Marko 10:46–52

Mchungaji aliponiambia nisimame Jumapili ya wanaume, nilimjibu kwamba mimi si mhubiri, mimi ni fundi viatu. Akasema basi hubiri kama fundi viatu. Ndiyo maana waliokuwa ibadani waliniona nikipanda madhabahuni na msharasi mkononi, na wamama wa viti vya mbele wakacheka. Ndugu wanaotayarisha kijarida hiki wameniomba niyaandike niliyosema siku ile, niongeze na yale ambayo saa ilinikatiza.

Kama humjui msharasi, pita kibandani kwangu pale karibu na steji nikuonyeshe. Ni chuma chembamba, urefu wake kama kidole, ncha kali, kimetiwa mpini wa mti. Ndicho tunachotobolea ngozi kabla ya kupitisha uzi. Nimekishika miaka 31 na kovu ninalo kwenye kiganja cha kushoto, manake msharasi haujui mwenyewe. Unasukuma ngozi ngumu, inakataa, inakataa, halafu inakubali ghafla na mkono unaenda wenyewe.

Sasa nataka niwasimulie mtu aliyeingiliwa na chuma kama hicho jichoni, na baadaye akashika chuma kinachofanana nacho akafungulia watu wasioona mlango duniani kote.

Kijiji kinaitwa Coupvray, kama kilomita 40 mashariki ya Paris, Ufaransa. Hapo ndipo alipozaliwa Louis Braille tarehe 4 Januari 1809, kitinda mimba wa watoto wanne. Babake, Simon-René, alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Siku hizo farasi ndiye alikuwa lori, ndiye basi, ndiye trekta, kwa hivyo fundi wa hatamu na tandiko hakukosa kazi. Mtoto alizoea kucheza katika karakana ya baba, kati ya vipande vya ngozi, vile wangu walivyokulia chini ya meza yangu.

Mwaka wa 1812, Louis akiwa na miaka 3, alichukua chuma cha babake akajaribu kutoboa ngozi kama alivyomwona baba akifanya. Kikateleza kikamwingia jichoni. Enzi hizo hakukuwa na dawa za kuua vijidudu kama tulizo nazo sisi. Jicho likafanya usaha, ugonjwa ukahamia la pili, na alipofika miaka 5 alikuwa haoni chochote.

Watu wakisimulia habari hii wote humwangalia mtoto. Mimi nikiwa fundi humwangalia baba. Ilibidi arudi kwenye meza ile ile, ashike vyombo vile vile, kwa sababu ndivyo vilivyokuwa vinalisha nyumba. Binti yangu ndiye aliyeniletea kitabu cha maisha ya Braille, na nilipofika hapo nilikifunga nikakaa kimya kwanza.

Lakini mzee yule hakuishia kulia. Alimchongea mwanawe fimbo za kutembelea, na Louis akajifunza njia za kijiji kwa fimbo hizo. Padri wa hapo, Palluy, akaanza kumfundisha. Mwalimu wa kijiji naye akakubali akae darasani na wenzake, ingawa hakuweza kusoma ubao wala kitabu. Alikuwa anasikiliza tu, na kumbe alikuwa anashika. Huko Ulaya wakati huo mtu asiyeona, kama si wa nyumba ya kitajiri, mara nyingi mwisho wake ulikuwa kuketi barabarani na bakuli. Wazazi wake hawakutaka hilo, ndipo mnamo Februari 1819, akiwa na miaka 10, wakampeleka Paris kwenye shule ya kifalme ya vijana wasioona.

Shule hiyo ilikuwa ya mwanzo kabisa ya aina yake. Ilianzishwa na mtu mmoja mwema, Valentin Haüy, mwaka wa 1785. Jengo lenyewe lilikuwa bovu, lina unyevu, baridi imeingia kwenye kuta. Haüy ndiye aliyewatengenezea wasioona vitabu. Alichukua herufi zile zile unazosoma hapa, akazikandamiza kwenye karatasi iliyoloweshwa hadi zikainuka, ili kidole kizifuate. Ilikuwa hatua kubwa, tusimdharau. Lakini vitabu vilikuwa vizito mno na vichache mno. Mtoto alifuata kila herufi mzunguko wake wote, moja baada ya nyingine, na akifika mwisho wa mstari anaweza kuwa amesahau mwanzo. Na jambo lililo baya zaidi ni kwamba kwa njia ile wangeweza kusoma kidogo, lakini kuandika hawakuweza. Wangebaki wasikilizaji tu.

Mniruhusu nieleze kosa la Haüy kwa lugha ya kibanda. Ni kama mimi nipime mguu wangu mwenyewe, nishone kiatu kizuri sana, ngozi safi, soli ngumu, halafu nimpe mteja. Kikimbana namwambia avumilie, kiatu ni kizuri. Herufi za Haüy zilipimwa kwa jicho, halafu kidole kikaambiwa kivumilie.

Na hapa, wapendwa, ilinibidi niwaambie jambo langu mwenyewe, na naliandika tena ili lisibaki la wale waliokuwepo tu.

Miaka kadhaa iliyopita palikuwa na mvulana asiyeona aliyekuwa akiletwa ibadani na mamake. Alikuwa na miaka 9 hivi. Tulimwombea. Mimi mwenyewe nilikuwa kwenye kundi la maombi, tulifunga, tukamwekea mikono mara tatu kwa nyakati tofauti. Mimi naamini Bwana huponya, sijaacha kuamini, nimeona kwa macho yangu. Lakini mvulana yule hakuona. Baada ya mara ya tatu nilimwita mama kando nikamwambia aangalie nyumbani kwake kama hakuna jambo lililofichwa linalozuia. Nilisema hivyo. Hakunijibu. Alimshika mtoto mkono wakatoka, na hawakurudi. Na kwa muda wote ule ambao mtoto alikuwa anakuja, nilikuwa simjui hata anapenda nini. Mikono yangu ilikuwa juu ya kichwa chake, macho nimefumba, na hakuna siku nilimuuliza swali moja.

Nendeni mkasome Marko 10 polepole. Bartimayo amekaa kando ya njia ya Yeriko, kila mtu anajua ni kipofu, na bado Bwana alipomwita alimuuliza kwanza anataka afanyiwe nini. Nimesoma mlango huo maisha yangu yote nikiruka lile swali nikimbilie muujiza.

Turudi Paris. Mwaka wa 1821 shule ililetewa njia mpya ya kuandika kutoka kwa Charles Barbier, aliyewahi kuwa afisa wa mizinga katika jeshi. Badala ya herufi, Barbier alitumia nukta zilizoinuka, zinazotobolewa kwenye karatasi nene kwa chuma chenye ncha, kwa kufuata kibao cha kuongoza mkono. Wanafunzi walifurahi sana, kwa kuwa kidole kinaisikia nukta upesi kuliko mstari uliopinda. Tena safari hii wangeweza kuandika wenyewe.

Louis alikuwa na miaka 12. Akaijaribu, akaipenda, na akaona pale inapobana. Alama moja ya Barbier ilikuwa na nukta hadi 12, sita kila upande, kwa hivyo haikuenea chini ya ncha ya kidole. Ilibidi kidole kipande na kushuka. Halafu zile alama zilikuwa za sauti, si za herufi, hivyo mwanafunzi hangejifunza kuendeleza maneno. Hapakuwa na tarakimu, hapakuwa na nukta ya kumaliza sentensi, muziki ndiyo usiseme. Barbier alikuwa na nia njema na akili nyingi, lakini alikuwa mtu anayeona. Hizo hitilafu zote alizigundua yule mwenye kuvaa kiatu.

Akaanza kazi. Usiku bwenini wenzake wakilala, likizoni Coupvray nyumbani kwa babake, alikuwa anatoboa karatasi, anasugua kidole, anafuta, anaanza upya. Alifanya hivyo karibu miaka mitatu. Kufikia 1824, akiwa na miaka 15, kazi ilikuwa imesimama. Vijana wa kanisa hili, hapo niliwaangalia nikarudia: miaka 15.

Alichofanya ni hiki. Chukua trei ndogo ya mayai sita, mawili mawili, safu tatu. Upande wa kushoto hesabu 1, 2, 3 kwenda chini, upande wa kulia 4, 5, 6. Hiyo trei nzima inatoshea chini ya ncha ya kidole kimoja, huna haja ya kupanda na kushuka. Nukta 1 peke yake ni a. Nukta 1 na 2 ni b. Nukta 1, 2 na 3 ni l. Ukizipanga kwa kila namna unapata alama 63, zinatosha herufi, tarakimu, vituo, hata noti za muziki. Na hakuzitawanya ovyo. Herufi 10 za kwanza zinatumia nukta nne za juu tu. Kumi zinazofuata ni zile zile, zimeongezwa nukta ya 3. Ukishajua kumi za mwanzo, umekaribia kujua zote. Herufi w tu ndiyo imekaa kivyake, kwa vile Kifaransa cha wakati ule kilikuwa hakiihitaji, ikaja kuongezwa baadaye. Sisi Waswahili tusingefika mbali bila hiyo w. Jaribu kusema wewe, au watu, au wokovu.

Nami kama fundi kinachonishangaza ni kile chombo. Chuma chembamba, mpini mfupi unaokaa kiganjani, unasukuma na unatoboa. Ni ndugu wa ule msharasi wa karakana ya baba. Tofauti ni ncha tu. Ule wa kuandikia umefanywa butu kidogo, usipasue karatasi bali uivimbishe.

Mwaka wa 1829 akatoa kitabu cha kueleza njia yake, kwa maneno, muziki na nyimbo za kanisa. Ndani yake alitaja wazi kwamba msingi aliupata kwa Barbier. Hilo nalipenda sana. Mafundi tuna ugonjwa wa kuficha tulikojifunzia. Mwaka wa 1837 akakitoa tena kikiwa kimerekebishwa, maana miaka minane hiyo vidole vya wanafunzi vilikuwa vimemfundisha palipokuwa na shida. Zile alama zilizokuwa na vistari akaziondoa, zikabaki nukta tupu.

Wakati huo alikuwa tayari ni mwalimu katika shule ile ile. Alifundisha sarufi, hesabu, jiografia na muziki. Alikuwa mpiga kinanda hodari, na alipiga katika makanisa ya Paris. Lakini kifua kilikuwa kimeanza. Akiwa kijana wa miaka ya ishirini hivi alishikwa na kifua kikuu, na ugonjwa huo hakuachana nao tena.

Mngetarajia kwamba watu walikimbilia zile nukta kwa shangwe. Hapana. Walimu wenye macho hawakuzitaka, na sababu yao ilikuwa rahisi, ingawa hawakuitamka hivyo: wao hawakuweza kuzisoma. Herufi za Haüy mwalimu anaziona, anajua mtoto ameandikiwa nini. Hizi nukta kwake ni vipele tu. Walisema zitawatenga wasioona na watu wengine. Mkurugenzi wa zamani, Pignier, alikuwa amemwachia Louis nafasi. Lakini mwaka wa 1840 akaingia mwingine, Dufau, akaziondoa darasani. Wanafunzi wakaendelea kuandikiana nukta kwa siri. Watoto wale walikuwa wameshaonja kuandika, na huwezi kumwambia mtu aliyeonja arudi kusikiliza tu.

Louis alikuwa mwalimu hapo hapo. Fikiria kuamka kila asubuhi, unakohoa, unaingia darasani, na kitu ulichokifanya tangu ukiwa mtoto kimekatazwa katika nyumba unayolala. Hakuondoka shuleni, na hakuacha kubuni. Hilo la kwamba nukta zitawatenga na wenye macho alikuwa ameshalifikiria, kwa sababu na yeye alikuwa na mama kijijini aliyemwandikia barua, na hakupenda siri zake za nyumbani zipitie mkono wa karani. Mwaka wa 1839 alitoa njia nyingine, ya kuandika herufi za kawaida kwa kuzipanga nukta, ili asiyeona aandike na mwenye macho asome. Rafiki yake Pierre Foucault, naye asiyeona, fundi wa mashine, akaitengenezea chombo chake mwaka wa 1841. Mtu mwenye vibonyezo vya chuma mbele yake anabonyeza, herufi inatoka karatasini. Watu wawili wasioona, wamewaundia wenye macho njia ya kusoma barua zao.

Dufau alikuwa na msaidizi, Guadet, ambaye alikaa akawaangalia wanafunzi wakisomea zile nukta, akabadilika moyo, na ndiye aliyembadilisha bosi wake. Tarehe 22 Februari 1844, siku ya kuzindua jengo jipya la shule, mbele ya wageni, nukta zilionyeshwa hadharani. Mtoto aliandika maneno aliyotajiwa, na mwingine akayasoma kwa vidole. Yaani miaka 20 tangu yule kijana wa miaka 15 amalize kazi yake.

Alifariki tarehe 6 Januari 1852, siku mbili tu baada ya kutimiza miaka 43. Aliacha sanduku dogo na maagizo kwamba lichomwe bila kufunguliwa. Waliobaki hawakuvumilia, wakalifungua. Ndani walikuta karatasi za madeni, za wanafunzi na watu aliowakopesha pesa na hakuwadai. Wakazichoma kama alivyotaka. Wale mnaotoka jasho mtu akikukopa shilingi 200 mnielewe.

Mwaka wa 1854 Ufaransa ikakubali rasmi maandishi yake. Mwaka wa 1878 mkutano wa mataifa uliokaa Paris ukayachagua. Yakaenda lugha kwa lugha hadi yakatufikia. Hapa kwetu Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya wasioona pale Thika mwaka wa 1946, na watoto wakaanza kupitisha vidole juu ya nukta za yule kijana wa Coupvray. Sisi huyaita breli. Majirani zetu Watanzania huyaita nukta nundu. Mwaka wa 1952, miaka 100 baada ya kifo chake, Wafaransa walifukua mabaki yake wakayapeleka Panthéon, wanakozika wakubwa wao. Lakini kijiji kilibaki na mikono. Mikono yake ipo Coupvray, katika chombo kwenye kaburi lake la kwanza, karibu na ilipokuwa karakana.

Sasa hii ya Kutoka 35. Bezaleli mwana wa Uri hakuwa nabii wala kuhani. Andiko linasema alijazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya kazi ya mikono: dhahabu, fedha, shaba, kuchora mawe, kuchonga mti. Tumezoea kumwambia kijana akiguswa na Roho basi aingie kwaya au ashike maikrofoni. Mbona hatumwambii aingie karakana? Katika kanisa hili nimehesabu wanaume sita wa kuchomelea vyuma, maseremala watatu, wamama wa cherehani sijui wangapi, na vijana wa kompyuta ambao mimi hata sielewi wanachofanya. Na kwenye viti hivi hivi tuna mzee ambaye kiti chake cha magurudumu hakipiti mlango wetu wa nyuma, na mtoto anayebebwa mgongoni na nyanyake kwa kuwa shingo haijasimama na hana kiti kinachomshikilia. Tumewaombea. Sijui ni nani kati yetu amekwenda na futi akapima ule mlango.

Nilipomaliza kile kitabu nilimtafuta yule mama. Ilichukua wiki mbili, manake walikuwa wamehama. Nilikwenda na binti yangu. Nilimwomba msamaha kwa lile neno nililomwambia, na sitaandika alivyonijibu, hayo ni yake. Mvulana sasa ni kijana mrefu kunishinda, yuko kidato cha pili katika shule ya bweni ya wasioona, alikuwa nyumbani likizo. Nikamuuliza anataka nimfanyie nini. Alinyamaza kwa muda, nadhani alitegemea nianze kumwombea. Halafu akasema kalamu yake ya breli ilianguka kwenye matatu, kibao anacho lakini hana cha kutobolea, na likizo nzima hajaandika kitu.

Akaniletea kile kibao nikishike. Nikauliza maswali kama mwanafunzi. Akanieleza kwamba kwenye kibao unaandika kutoka kulia kwenda kushoto, kinyumenyume, kwa kuwa unatoboa upande wa nyuma, ukigeuza karatasi ndipo nukta zinainuka na kusomeka. Akaniambia hata karatasi za kalenda za zamani zinafaa, ni nene. Alinishika kidole akakipitisha juu ya jina lake. Sikuweza kutofautisha kitu. Akacheka.

Nilirudi kibandani nikachukua msharasi wangu mmoja uliochakaa, nikaukata, nikausugua ncha kwenye jiwe, nikauchongea mpini wa mpera. Niliona nimemaliza kazi. Nikampelekea, akatoboa mistari miwili, akaurudisha. Ncha bado kali, inapasua karatasi. Nikasugua tena. Wa pili akasema ncha sawa lakini mpini mrefu, unauma kiganja akiandika kurasa nyingi, ufupishwe na uwe na bonge juu kidole cha shahada kikae. Mimi, mtu wa miaka 31 kwenye kazi, nafundishwa kutengeneza mpini na mtoto wa shule. Nikaenda nikafupisha.

Wa tatu aliuchukua. Aliandika ukurasa mzima mimi nimekaa pale, mamake anapika chai, na sauti yake ni kama mvua ndogo kwenye bati. Sikumuuliza anaandika nini.

Alipokuwa anarudi shuleni alipita kibandani na mamake. Kuna wenzake wanne bwenini wanaotumia kalamu moja kwa zamu. Mmoja ana mkono mdogo, ni msichana wa kidato cha kwanza, akaniachia kipimo cha kiganja chake kwenye kipande cha kamba chenye fundo mwanzo na mwisho. Kamba hiyo nimeitundika msumarini juu ya meza. Msharasi wa kukata ninao mmoja tu uliobaki, kwa hivyo yeyote aliye na bisibisi nyembamba iliyokufa, au spoku za baiskeli, anaweza kuniletea siku yoyote isipokuwa Jumatatu.